Thaddée Twagirayezu, Aliyesafisha Mtaa Kabla ya Wakaguzi

(14 Machi 1961 – 5 Novemba 2025)

Mzee wetu Thaddée Twagirayezu aliingia duniani tarehe 14 Machi 1961 huko Nyamitaba, Masisi, Kivu ya Kaskazini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Eliezer Bahizi na marehemu Mama Mukamana. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kutembea huku ameshika kipande cha ubao, na kwamba hakukiachia tena. Hatuna shahidi mwingine wa jambo hilo, lakini waliomjua wataliamini.

Alisoma shule ya msingi ya misheni papo hapo Nyamitaba kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hesabu aliziweza, Kifaransa kilimshinda, wala hakuona haya kulisema. Mwaka 1975 alikwenda Goma kujifunza useremala, akahitimu Juni 1979, akarudi kwao kujenga nyumba, madawati na mabenchi ya kanisa.

Mwaka 1983 aliitwa kutengeneza mlango nyumbani kwa baba yake Donatille. Mlango ukagoma kufunga. Akarudi kuurekebisha, ukagoma tena. Mara ya tatu mzee yule alimwita pembeni akamwambia, "Kijana, fundi kama wewe hashindwi na mlango. Sema kile unatafuta." Akasema. Yeye na Donatille walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Agosti 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu: Eliezer, Rachelle anayesoma maneno haya, na Espérance, ambaye alitutoka mwaka 1997 akiwa na miaka miwili.

Espérance alizikwa Rwanda, katika kambi ya Kiziba, ambako familia ilikimbilia kwa sababu ya vita mwaka 1996 ikidhani itakaa miezi miwili. Ilikaa miaka kumi na saba. Huko Mzee Thaddée alichaguliwa kuwa kiongozi wa mtaa wake kambini, na huko ndiko alikozoea kusema kwamba msaada unaweza kuchelewa lakini mvua haichelewi. Kila Jumamosi aliita salongo. Kwa wasioijua, salongo ni kazi ya pamoja: hakuna anayelipwa, hakuna anayebaki ndani, na nyumba za wajane na wazee ndizo zinazoanza. Alipogonga sufuria lake asubuhi, hata wavivu walitoka, kwa sababu asiyetoka angetajwa jina kwa sauti.

Tarehe 21 Novemba 2013 familia ilifika mji wa Saint Paul, Marekani, kukiwa na theluji. Alipata kazi katika kiwanda cha makabati ya jikoni huko Maple Grove, akiondoka na basi la kwanza kila asubuhi, na aliifanya kazi hiyo karibu miaka kumi na miwili. Mwaka 2018 walinunua nyumba katika mtaa wa Frogtown, Saint Paul. Mjukuu wake Ian alikuwa akimjibu kwa Kiingereza, naye akiendelea kwa Kiswahili, na mazungumzo yao hayakukwama hata siku moja.

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu.

Ijumaa jioni, tarehe 14 Juni 2024, dhoruba ilipita Frogtown kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Miti ilianguka juu ya nyumba na magari, na mapaa kumi na moja ya mtaa wetu yaliharibika. Lililoumia kuliko yote lilikuwa la jirani yetu Keziah, mjane kutoka Kenya, muuguzi msaidizi aliyestaafu. Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi Mzee Thaddée alikuwa tayari juu ya paa lake na msumeno. Majirani walipomwona wakatoka, na waliotoka wakawaita wengine. Watu wa kanisa letu walileta maturubai na mbao, majirani Wahmong, watu wa asili ya Asia, wa upande wa pili wa barabara wakaleta gari la kubebea matawi, na Mama Donatille akapika maharage ya kulisha watu arobaini. Jumapili jioni magodoro na mazulia yaliyolowa yalikuwa yamekwisha kutupwa na mtaa ulikuwa umefagiwa. Wengine tulipiga picha, ndiyo, lakini tulipiga picha za watu wakila.

Wakaguzi wa mji walikuja Alhamisi kuhesabu hasara. Walikuta mtaa safi, wakaandika katika kila nyumba, "Uharibifu mdogo." Kumbe kule kuhesabu kulikuwa na maana kubwa. Hasara ikifika kiwango fulani, jimbo linaweza kuiomba serikali kuu msaada. Isipofika, mzigo unabaki kwa jimbo na mji. Haikufika. Serikali kuu ikasema haya ni ya jimbo, jimbo likasema halina mfuko wa dhoruba ndogo, na mji ukasema umefanya uwezavyo. Bima ya Keziah nayo ilisema paa limeguswa na watu wasio na leseni, ikakataa kulipa.

Ilipofika Oktoba maji yalikuwa yanapita tena chini ya maturubai. Katika mkutano wa mtaa, Keziah alisimama mbele ya watu akasema, "Mzee Thaddée, mlinifagilia hadi ushahidi. Sasa mimi nitaonyesha nani, na nitaonyesha nini?" Wiki ile alihamia Apple Valley kwa mwanawe Griffins. Wengine wakaongeza ya kwao, wakauliza kwa nini mtu aliyekaa kambini miaka yote ile, akihesabiwa kila mwezi, hakujua kungoja kuhesabiwa. Yeye alijibu sentensi moja tu: "Ni mimi niliita watu." Tulimsihi ajitetee, hakujitetea. Kanisani aliacha kukaa mbele, akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, na watoto wake tuliumia kumwona pale.

Alianza kuzunguka ofisi. Ya mji ilimpeleka kwa kaunti, ya kaunti ikampeleka kwa jimbo, na ya jimbo ikampa namba ya simu ya serikali kuu, ambayo ilimrudisha kwa mji. Rachelle alikuwa mkalimani wake, na anakiri hapa kwamba alichoka kabla ya baba yake. Hatimaye, Jumanne tarehe 18 Februari 2025, alipewa dakika mbili mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Alivaa suti yake ya harusi za watu. Alisema, "Kambini nilijua hema ni la nani na mvua ni ya Mungu. Hapa naomba mniambie kitu kimoja. Hii dhoruba ilikuwa ya nani?"

Mbunge mmoja alimsifu sana. Alisema mtaa wa mzee huyu ni ushahidi kwamba wananchi wakishikana hawahitaji serikali kuu. Mwingine akamsifu kumzidi, akasema mtaa huohuo ni ushahidi kwamba serikali kuu imewatupa watu. Wakabishana wao kwa wao hadi dakika zikaisha. Nje, kwenye ngazi, Rachelle alimuuliza amejisikiaje.

"Wanasema mimi ni exemple, mfano wa watu," alisema. "Bon. Lakini paa ya Keziah, nani ataifunika?"

Alilifunika yeye. Majira yote ya kuchipua, kila Jumamosi, alibeba ngazi yake hadi kwenye ile nyumba tupu, akakaza turubai, akabadilisha mbao zilizooza, akashuka. Hakumwambia Keziah, na Keziah hakuwa akipokea simu zake. Mwezi Julai barua ya mwisho ya jimbo ilikuja: rufaa aliyoipeleka kuomba msaada wa mtaa imekataliwa. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia.

Tarehe 9 Agosti 2025 alishindwa kupanda ngazi. Alishika kidato cha tatu akasimama pale mpaka Eliezer alipokwenda kumshusha. Madaktari walikuta saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imesambaa. Hakulalamika kwa maumivu. Alilalamika kwamba upande wa kaskazini wa lile paa ulikuwa bado, na Eliezer akaumaliza Septemba pamoja na vijana wa kanisa. Alipoambiwa alifurahi, kisha akauliza kama Keziah amerudi. Tukamwambia bado. Alitutoka nyumbani kwake Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka sitini na minne, Mama Donatille akimshika mkono. Maumivu yetu hayana kipimo, na hatutaki kujifanya kwamba yanacho.

Ameacha mjane, Mama Donatille; watoto, Eliezer na Rachelle; wajukuu wanne, akiwemo Ian; dada mmoja aliyeko Goma; na majirani.

Kuhusu majirani, tumeombwa kuongeza jambo. Jumapili iliyopita Keziah alikuja kwenye matanga, akaketi sakafuni mbele ya Mama Donatille, akasema haya tuyaandike kama alivyoyasema:

"Andikeni ni mimi nilimpigia simu. Ilikuwa Saturday, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliniambia, 'Mama Griffins, tungoje kidogo watu wa mji waone kwanza.' Mimi nikamwambia maji inaingia kwa kitanda yangu, na kama yeye ni jirani asiningojeshe. Akakuja. Halafu nikasimama mbele ya watu nikamlaumu, na yeye akaninyamazia. Mwaka mzima."

Mama Donatille alisikiliza hadi mwisho, akasema hakuwahi kuambiwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa.

Papa, umekwenda na lawama ambayo haikuwa yako. Leo, kwa maneno yake haya, Keziah mwenyewe ameichukua mbele ya watu wote wa mtaa. Lala sasa, upumzike.