Mama Nukta, Aliyejifupishia Kazi Mwenyewe

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mhariri Mkuu wa Barua za Kiingereza katika kampuni yetu ya bima anastaafu, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya Kuagana imeniagiza niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili la wafanyakazi, usizidi kurasa mbili na uwe wa furaha. Kuhusu kurasa nitajitahidi.

Wengi wenu hamkijui cheo chake kirefu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikikwangua mlangoni akaacha neno "Barua" peke yake. Sisi tunamwita Mama Nukta. Jina hilo alipewa na tarishi wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa akizipeleka barua zetu kwake zikiwa nene na kuzirudisha zikiwa nyembamba. Tarishi aligundua kwamba kitu pekee ambacho yule mama huongeza kwenye barua ya mtu ni nukta.

Alianza hapa akiwa mpiga chapa. Enzi hizo barua ya kampuni ilianza kwa kusema kwamba inaandikwa. Kisha ilieleza kwamba inaandikwa kwa madhumuni ya kumwarifu anayeandikiwa, ikashukuru, ikarejea barua ya awali, ikashukuru tena, ndipo ikaanza kulikaribia jambo lenyewe, na hapo karatasi ikaisha. Tuliamini huo ndio usomi. Mtu aliyepandishwa cheo alijulikana kwa urefu wa sentensi zake za Kiingereza, na mwanasheria wa kampuni, ambaye bado tunaye na ambaye namsalimu kwa heshima zote, alikuwa na sentensi ambayo mpiga chapa aliianza kabla ya chai na kuimaliza baada ya chai.

Aliyembadilisha Mama Nukta ni seremala mmoja ambaye karakana yake iliungua. Alidai fidia, nasi tukamjibu kwa ukurasa mzima wa Kiingereza. Siku chache baadaye alifika mapokezi amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba kreti ya soda, amekuja kushukuru. Ndani ya barua ile alikuwa ameona maneno "pleased", "valued" na "sincerely", akayajumlisha, akapata jibu kwamba analipwa. Alikuwa ameshawaita mafundi wake warudi kazini. Mpiga chapa wetu ndiye aliyesukumwa mbele akamweleze kwamba barua ile ilikuwa inamkatalia. Seremala hakugomba. Aliikunja barua akauliza kwa upole, "Sasa mama, kwa nini hamkusema?" Akaondoka akiziacha soda pale pale sakafuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uso wa kuzinywa.

Baada ya hapo mpiga chapa alikwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule, akaomba kila barua ya Kiingereza ipite mezani kwake kabla ya kutoka nje. Mkurugenzi alidhani anaomba kusahihisha tahajia, akakubali. Barua ya kwanza aliyoigusa iliingia ikiwa na ukurasa na nusu, ikatoka na maneno manne: "We will not pay." Mwanasheria alikuja juu. Alisema kampuni itaonekana haina adabu. Mama Nukta akamjibu, "Adabu ni kumwambia mtu jambo lake mapema, bado ana nguvu za kukata rufaa." Na kweli, wateja walipojua wamekataliwa walianza kukata rufaa, na baadhi yao wakashinda. Seremala alikuwa mmojawapo. Ripoti ya mwaka haikulitaja hilo miongoni mwa mafanikio, kwa hiyo nalitaja mimi.

Mafunzo yake alitupa bure, tupende tusipende. Neno lisilo na kazi lisilipwe mshahara. Mtu anayesema "very" amekosa neno lenye nguvu, akachukua dhaifu na kulitafutia wa kulishika mkono. Lililo zito likae mwisho wa sentensi, maana msomaji akiinua macho ndilo analoondoka nalo. Kuhusu vifungu vinavyoanza kwa "which" alikuwa akisema ni sawa na mashemeji: ukimkaribisha mmoja, wanahamia wote. Mkuu wa Idara ya Madai, ambaye ni shemeji wa watu wengi, alilichukulia vibaya na hakumsalimu kwa wiki mbili.

Lakini msije mkadhani namwandika malaika. Mama Nukta anajisikia, na hilo hata yeye halikatai. Akishapata sentensi nzuri huisoma kwa sauti mlango ukiwa wazi. Na kama wote wenye kipaji, alizidisha. Mkurugenzi wa sasa alimpa hotuba ya harusi ya binti yake aipunguze kidogo, naye alipofika ukumbini na kufungua karatasi alikuta "Marry. Stay married." Alisimama akiigeuzageuza karatasi akitafuta ukurasa wa pili. Wageni walidhani amezidiwa na hisia, wakampigia makofi, na tangu siku hiyo ukoo wa bwana harusi humwita mkwe mwenye busara.

Balaa kubwa lilikuwa la matangazo ya moto. Idara ya Usalama ilitunga aya tatu za kubandikwa milangoni, zikieleza kwamba moto ukitokea wafanyakazi watoke kwa ngazi za nyuma bila kusukumana. Mama Nukta alizikata mara ya kwanza, akaziona bado zina mafuta, akazikata tena. Jumatatu asubuhi kila mlango ulikuwa na karatasi yenye maneno mawili: "Fire. Leave." Sasa Kiingereza, kwa ubahili wake, hutumia neno hilo hilo kwa moto na kwa kumfukuza mtu kazi. Mhasibu alisoma karatasi mlangoni pake, akaingia, akatoa picha za watoto wake ukutani, akakusanya kikombe na kandambili zake, akaenda kuagana na mapokezi. Alimkuta mpokezi naye anafunga mkoba, analia. Mpaka saa nne idara mbili zilikuwa zimeshajifukuza zenyewe, na mtu wa Madai alikuwa amemwambia bosi wake yote aliyoyaficha moyoni tangu aajiriwe. Mama Nukta alipoulizwa alisema sentensi haina kosa, wenye kosa ni watu wenye hofu. Alikubali kuongeza neno moja tu, "stairs".

Nyumbani anaishi na mdogo wake, mjane, ambaye ndiye aliyenipa habari nyingi za hapa. Mdogo mtu anasema dada yake akimwandikia ujumbe kwenye simu hudhani amekasirikiwa. Watoto wa ndugu humwita Mama Mkubwa na kumletea insha zao za shule. Hurudishiwa zikiwa mstari mmoja. Mpwa wake mkubwa alileta barua ya mapenzi ya Kiingereza yenye nyota, mwezi na bahari, ikarudi na maneno matatu, "I miss you." Kijana aliipeleka hivyo hivyo kwa kukata tamaa. Mke wake ameitunza hadi leo, na anasema angepata ile ya nyota asingejibu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Kamati ilipendekeza niliruke. Mama Nukta hakutaka kustaafu. Anaipenda kazi hii, na hajawahi kuona haya kulisema. Kwa utaratibu wetu, Bodi ya Mafao inaweza kumruhusu mtu aongezewe miaka miwili kama mkurugenzi ataomba. Mama Nukta alimwandikia mkurugenzi, "I can stay." Mkurugenzi alifurahi, akamwagiza mwanasheria aiandikie Bodi barua ya maombi.

Mwanasheria aliiandika kama anavyoandika yeye. Ilikuwa sentensi moja. Ilianza kwa kukiri kwamba mtumishi tajwa, kwa mujibu wa kanuni, anapaswa kustaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi, ikaendelea kupitia vifungu, vijifungu na "notwithstanding" zake, na huko chini kabisa, mahali ambapo mwanga haufiki, ikaomba kwamba hata hivyo mtumishi huyo abaki. Jina halikutajwa. Lilikuwa kwenye kiambatisho, na Mama Nukta husahihisha sentensi, viambatisho si kazi yake. Barua ikapita mezani kwake kama zote. Akaisoma mwanzo, akaona jambo lenyewe limeshasemwa, mengine yote akayaona ni mashemeji. Akakata. Barua iliyokwenda kwa mkurugenzi kusainiwa ilisema: "The officer retires on Friday." Mkurugenzi aliona ni fupi, akajua imepita kwa Mama Nukta, akasaini bila kusoma.

Bodi ilijibu upesi kuliko ilivyowahi kujibu barua yetu yoyote, kwa kuwa ndiyo ya kwanza waliyoielewa. Waliridhia.

Nilikuwepo jibu lilipofika. Mama Nukta alilisoma, akaomba nakala ya barua tuliyopeleka, akaisoma nayo, akavua miwani. Mwanasheria alikuwa amesimama mlangoni, na nasema kwa haki yake kwamba hakucheka. Mama Nukta akasema, "Sentensi haina kosa." Kisha akatuomba tumpishe kidogo, na mlango wake, ambao haujawahi kufungwa mchana, ukafungwa.

Bodi ilisema bado inaweza kubadili uamuzi endapo mkurugenzi ataandika upya kabla ya Ijumaa. Mkurugenzi alikuwa mbioni kwenda likizo, akatoa neno kwamba wafanyakazi wenye maoni wayalete kwa maandishi. Basi Kamati ilikaa kuandika barua ya kuomba abaki. Tulikuwa watano, wote tumefundishwa na Mama Nukta, wote tukajawa na huzuni na Kiingereza. Mkuu wa Madai alitaka ianze na shukrani. Mhasibu alitaka utangulizi kuhusu historia ya kampuni. Mpokezi aliongeza "indeed" mahali panne, akasema bila hivyo inakuwa kavu. Mwanasheria, ambaye dhamira ilikuwa inamsuta, alichangia kwa moyo wote, na mchango wake peke yake ulikuwa ukurasa.

Tuliipeleka kwa Mama Nukta, kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kuipeleka. Aliishika, akaipima mkononi, akaturudishia bila kuigusa kalamu. "Siwezi kujiombea mwenyewe," alisema. "Kaandikeni. Nimewafundisha." Tulirudi chumba cha mikutano tukakaa nayo mpaka jioni. Kila tulipotaka kukata kitu, aliyekiandika alikuwa amekaa pale pale anatutazama. Mwishowe tuliondoa koma moja, tukaipeleka.

Mkurugenzi aliisoma yote, hilo tuna uhakika nalo, kwa sababu katibu wake anasema alikosa chakula cha mchana. Jibu lake lilitufikia akiwa ameshasafiri. Alisema ameguswa sana na salamu zetu za pongezi kwa mstaafu, anaungana nasi, na ameidhinisha keki iwe ya ngazi tatu badala ya mbili. Tulimpigia simu, haipatikani. Tulikwenda Bodi kueleza kwa mdomo, wakatuambia mdomo hauna muhuri.

Kwa hiyo Ijumaa kuna keki ya ngazi tatu. Nyote mnakaribishwa ukumbini saa tisa, na mnaombwa kutoleta hotuba. Kuanzia Jumatatu barua zitatoka moja kwa moja idarani. Mwanasheria ameshaanza kuandika ya kwanza, na nasikia inaendelea vizuri.

Mama Nukta, asante kwa kuyapigania maneno na kwa kuwapigania wale wanaoyasoma. Ulitusimanga, ulituchekesha, ulitutoa jasho kwa lugha ambayo hatukuzaliwa nayo, na tumekupenda kwa hayo yote. Ukapumzike sasa. Usingizi wa asubuhi ukukubali, mdogo wako akuzoee, na Mungu akujalie maisha marefu, hapo tafadhali usifupishe. Ile barua yetu ilihitaji sentensi moja tu. Watano wote tulikuwa nayo kichwani tangu tulipokaa, na hakuna aliyeiandika. Naiandika hapa, ikiwa imechelewa, na kwa lugha yetu: tunataka ubaki.