Bi. Rispa Namuria, Mkaguzi Aliyehamisha Kipaza Sauti

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Rispa Namuria anastaafu baada ya kuwatumikia wakazi wa Turkana kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika ukaguzi wa majengo ya umma. Siku hiyo baadhi ya wakandarasi wetu wanatarajiwa kuhuzunika hadharani na kusherehekea faraghani.

Alizaliwa Kalemng'orok, akasomea ujenzi Eldoret, akarudi nyumbani wakati wenzake wengi wakiomba uhamisho wa kwenda kwenye mvua. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba jengo la umma linaingilika na umma wote: anayetumia kiti cha magurudumu, anayetembelea magongo, asiyeona, na mama aliyekaribia kujifungua. Idara yetu iliviunga mkono viwango vya kazi hiyo kwa moyo wote, mradi visiguse ramani. Ndiyo maana ofisi ya kwanza ya masuala ya ulemavu iliwekwa ghorofani, ambako haikusumbuliwa na mtu.

Watu hawakuchoka kumuuliza kama ana mtoto au ndugu mlemavu.

"Sina," alikuwa akijibu. "Kwani lazima uumwe na nyoka ndio uue nyoka?"

Jambo ambalo hatutalisahau ni la ule ukumbi mpya wa mikutano hapa Lodwar. Mkandarasi alijenga ngazi za kupendeza mbele na, pembeni, mteremko wa viti vya magurudumu uliokuwa mkali hata mbuzi waliupanda kwa kujishauri. Kiwango kinataka mteremko wa taratibu: kwa kila futi moja ya kupanda, futi kumi na mbili za kwenda mbele. Bi. Rispa akakataa kuupitisha. Mkubwa wetu wa wakati huo alilitatua tatizo upesi. Aliagiza uchorwe alama ya kiti cha magurudumu kwa rangi ya buluu, kubwa, ionekane kutoka barabarani. Kisha akapanga ufunguzi ufanyike tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani.

Msemaji mkuu alikuwa Mwalimu Pascaline, Mkongomani anayefundisha shule ya msingi kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye ametumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Alifika asubuhi, kitenge kimenyooshwa, hotuba mapajani. Vijana wa itifaki walijaribu kumsukuma juu ya ule mteremko. Kiti kikarudi nyuma, nusura kipinduke naye. Mkubwa alikuwa akitabasamia kamera.

"Usijali, madam. Vijana wako na nguvu. Watakubeba tu."

"Miye niko mualimu, siko gunia ya muchele," alisema Pascaline. "Kama hamuna njia, nitarudia Kakuma."

Akaanza kukigeuza kiti. Hapo Bi. Rispa akamsogelea mkubwa, kwa adabu zote.

"Mzee, kama yeye haingii, basi kipaza sauti kitoke."

"Rispa, usiniharibie siku yangu."

"Siku ni yao, mzee."

Alimwita Gai, fundi wa mitambo ya sauti, wakavuta waya na spika hadi nje juani. Pascaline akasoma hotuba yake pale mchangani, mbele ya wote ambao jengo lilikuwa limewaacha nje pamoja naye: mzee wa magongo kutoka Lopur, kikundi cha wasioona, wanawake waliokuja kwa viti vya magurudumu, na waendesha bodaboda waliosimama kutazama. Ndani, waheshimiwa walikaa kwenye viti vya mahameli wakitega masikio madirishani, wakiambulia neno moja moja. Kwa mara ya kwanza katika historia ya itifaki yetu, walioketi mbele ndio waliokosa nafasi.

Wiki iliyofuata Bi. Rispa alihamishiwa Kakuma "ili kuimarisha huduma". Wakati huo alikuwa akimuuguza mama yake hapa Lodwar. Amewahi kutueleza kwamba alilia njia nzima, akijiuliza kama mteremko wa saruji ni kitu cha kumfanya mtu amwache mama yake.

Kwa bahati mbaya ya waliomhamisha, huduma iliimarika kweli. Akishirikiana na Magloire, fundi mwashi kutoka Burundi, alijenga upya viingilio vya zahanati, akapanua milango ya vyoo, akashusha mabomba ya maji hadi aliyeketi ayafikie. Hao wawili waligombana karibu kila siku: Magloire alitaka kumaliza, Bi. Rispa alitaka kupima tena. Pascaline ndiye aliyezijaribu kazi zao, na huruma hakuwa nayo.

"Hii inanitupa ku ukuta. Bomoeni."

Wakabomoa. Kila Ijumaa Bi. Rispa alirudi Lodwar kwa mama yake, na mama alipofariki binti alikuwa kando ya kitanda, jambo analomshukuru Mungu kwalo hadi leo.

Uongozi ulipobadilika, aliitwa arudi kuurekebisha ukumbi. Nafasi ya mteremko sahihi ilikuwapo, ila katikati yake lilisimama jiwe la ufunguzi lenye jina la mkubwa wetu wa zamani. Kamati zikaundwa kulijadili jiwe. Bi. Rispa akapendekeza lihamishiwe nyuma, kwenye njia ya vyooni, "ambako watu watalisoma zaidi". Ndiko liliko sasa, na kweli linasomwa.

Mwezi uliopita walimu walikuwa na mkutano humo ukumbini. Pascaline alichelewa. Alipanda mteremko peke yake, akaingia, akatafuta pa kukaa katikati ya wenzake, akaanza kunong'ona na jirani. Hakuna aliyegeuka kumtazama, wala aliyepiga makofi. Bi. Rispa, aliyekuwa amesimama nyuma, alitoka nje akifuta macho. Tulimfuata kuuliza kuna nini.

"Mmeona?" alisema. "Hakuna mtu ameona."

Bi. Rispa, asante kwa kila ukuta uliotulazimisha kuubomoa, na kwa kila sahihi uliyotunyima. Nenda ukapumzike, ukalale ule usingizi ambao wakandarasi waliukosa kwa sababu yako, na Mungu akuzidishie afya na miaka. Ejok noi, vyema sana, mama. Maisha yako ya mbele na yawe mema.