Kovu la Abasi

— Mjamzito achanjwe mwezi wa ngapi? Jibuni, msininyamazie.

Abasi fundi cherehani aliuliza hata kabla hajakaa kwenye benchi la kahawa nyuma ya soko la Morogoro. Ndui ilikuwa imeshafika kijiji jirani cha Mikese, na mchanjaji wa serikali alikuwa amekuja mjini kwa mara ya pili. Nyumbani, Asia mkewe, mimba ya miezi saba, alingoja neno la mumewe. Na benchini walikuwapo wataalamu wawili: mzee Rehani, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali, na Kasiani Kabichi, mteremsha mboga kutoka Uluguru.

— Mwezi wa tisa, akasema Daktari. Mtoto kakomaa, dawa haimtikisi. Kawia ufike.

— Angoje azae, akasema Kasiani. Asiyekuwapo na lake halipo. Mtoto hajaja, utamchanjaje?

— Na ndui ikimwahi mama yake?

— Basi uchanjwe wewe kwa niaba yake. Mume na mke damu moja.

— Mkono wa kushoto lakini, Daktari akakazia. Ule mkeo anaoulalia.

— Mimi tayari nilishachanjwa, bwana.

Abasi akawageuzia bega. Kovu likang'aa begani, pana kama kashata. Tangu mchanjaji aje mara ya kwanza, shati la Abasi halikuwahi kushushwa mkono.

— Kovu la mwanamume hilo, Daktari akasifu. Mchanjaji mwenyewe aliliona akapita kwa adabu.

Abasi alikuwa bado amevimba kichwa Asia alipotokea, khanga begani, akihema.

— Shikamoo, mzee Rehani.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba Mwanaheri, akamgeukia mumewe, nimechoka kukungoja. Nimeshamuuliza mchanjaji. Kasema ndui ikiwa mlangoni hatuhesabu miezi. Foleni imeanza, ila naogopa homa, na tumbo hili. Ulipochanjwa wewe, uliumwa siku ngapi?

Daktari akachungulia kikombe chake kitupu. Kasiani akakumbuka kabichi zake ziko juani. Abasi alitazama kovu, kisha tumbo la mkewe. Siku mbili? Kumi? Angetaja yoyote, Asia angeishika hiyo hiyo na kuamua.

Akashusha mkono wa shati polepole.

— Hata moja, mke wangu. Hili nililichoma mwenyewe kwa utomvu mkali wa ganda la korosho, ili mchanjaji anipite. Niliogopa. Twende, leo naanza mimi.