Mizani Aliyokimbia Nayo Mogire

Wapendwa waombolezaji, fumbeni macho kidogo, mwone kilima cha Ekerenyo, kamera ya sinema imesimama kwa miguu mitatu, na mtu kando yake akihesabu hadi kumi, akibonyeza mara moja, akihesabu tena, hadi wingu lijae. Huyo ni kaka yangu, Obadiah Mogire, nami Bonareri nimetumwa na familia kuwasomea maisha yake.

Alizaliwa Birongo tarehe 4 Mei 1931, akasoma Nyamache hadi mwaka 1948, kisha akajifunza kazi ya picha katika studio ya Mzee Abdikarim mjini Kisii, ambaye mwaka 1966 alimpa kamera hiyo. Alimwoa Persis tarehe 12 Desemba 1953, wakahamia Ekerenyo, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Nyamongo.

Alipotuonyesha mawingu ukutani kanisani, saa nzima ilipita kwa nusu dakika, na majirani walimtania kwamba mawingu yake yana haraka kuliko mkwe aliyesikia harufu ya kuku. Lakini humo alijifunza kwamba tumbo la wingu likigeuka jeupe, mvua ya mawe haiko mbali, na kwa miaka minane alitamani kuipiga picha tangu wingu linapoanza hadi mawe yanapoanguka.

Jumamosi tarehe 9 Machi 1974, wingu hilo lilikuja. Bondeni, wachumaji chai thelathini, Persis miongoni mwao, walipanga foleni mahali pa wazi wakimngoja karani wa kupima majani, na tumbo la wingu likageuka jeupe. Mogire aliacha kamera, akateremka mbio, akawasihi waondoke, wakakataa, kwani nani angeacha majani yanyauke bila kupimwa, hata Persis akamwambia, "Baba Nyamongo, rudi kwa mawingu yako." Ndipo akaing'oa mizani kwenye ndoano yake, akaikumbatia, akakimbilia kanisani, nao wote wakamfukuza, vikapu mgongoni, wakimwita mwizi, na wa mwisho alipovuka kizingiti mawe yakaanza. Chai ililala chini, kamera ikavunjika, ila hakuna mtu aliyeumia, na filamu iliyokuwa ndani ilipona.

Mwezi Juni mwaka huu, 1977, alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa Kisii, akatutoka tarehe 2 Julai alfajiri, Persis akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba kuni na maji, na wenzake wa studio.

Lala salama, ndugu yangu. Nanyi, jioni hii tutakapowaonyesha filamu ile, mtaona wingu jeupe, kisha ukuta mtupu. Tafadhali kumbukeni kwamba hapo inapokatika ndipo alipoanza kukimbia.