Papa Camille Kalenga na Sanduku ya Kampuni

Marehemu Papa Camille Kalenga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Likasi, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, katika hospitali ya kampuni iliyomwajiri baba yake mgodini.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha useremala, yote kwa gharama ya kampuni. Siku zile unga, dawa, umeme, hata kalamu ya mtoto, vyote vilitoka kwa shaba, ile tunayoiita mukuba. Serikali hatukuiomba kitu, nayo ikazoea kutoombwa.

Mwaka 1970 aliingia karakana ya mbao. Alitengeneza masanduku ya maiti, maana mtu wa kampuni alizikwa na kampuni. Wenzake walimtania barabarani: "Camille, usinipime na macho, minye ningali muzima." Yeye akajibu: "Weye nilishakupima zamani."

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Mama Hortense. Alimpa kabati ya mbao ya mulombwa, kazi ya mikono yake, yenye kitasa na ufunguo wake. Mama aliringa nayo mtaa mzima.

Miaka ya tisini kampuni ilianguka. Mashine za karakana ziliuzwa kama vyuma vikuukuu. Halafu shaba ikapata wenyewe wapya, na mji haukupata kitu. Binti yake Albertine alipotaka waanze kuweka mbao za sanduku yake, Papa alikataa.

"Sanduku yangu iko ku kampuni."

"Papa, kampuni ilishakufa."

"Kama ilikufa, ile makamyo inapitaka hapa na mukuba ya nani?"

Mbao hazikuwekwa.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Hospitali alimozaliwa haikuwa tena na hewa ya kumpa mgonjwa. Alikaa mlangoni, akipumua kwa taabu katika vumbi la makamyo yale yale ya kubeba shaba. Aliaga dunia nyumbani, Kikula, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024.

Albertine alikwenda kwenye geti la wenye mgodi kuomba sanduku ya baba yake. Mlinzi alimwambia kwa upole: "Mama, uyo papa hapa hatumujue." Aliporudi, Mama Hortense alifungua kabati ile ya ndoa yake. Alitoa nguo zake, akazipanga kitandani, akaita fundi mwenye msumeno.

Ndiyo sanduku mnayoiona hapa. Tundu la ufunguo liko upande wa miguu.

Anaacha mjane wake Mama Hortense, watoto Albertine, Samy na Fidèle, na wajukuu ambao hawajapata kazi. Papa Camille, pumzika kwa amani ndani ya mbao zako mwenyewe.