Sura ya Mjomba Kabla ya Saini

Mgeni rasmi, mheshimiwa unayesimamia shughuli za sanaa. Bwana Mwongozaji, mwenyeji wetu. Mjomba, mwigizaji wetu. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Makaribisho

Sisi wafanyakazi wa nyuma ya kamera tunakukaribisha katika studio hii. Tumeelezwa kwamba umekuja kwa mambo mawili: kufungua chumba kipya cha kurekodia, na kushuhudia Mjomba akitia saini makubaliano mapya na Mwongozaji. La kwanza halina neno. Kwa la pili, tunaomba utuvumilie.

Tunakiri pia kwamba risala tuliyoipeleka ofisini ikaguliwe haikuwa hii. Ile ilirudishwa ikiwa na changamoto moja tu, uhaba wa feni. Feni kweli hazitoshi, na tukishasema hivyo hatutalirudia jambo hilo.

Historia

Mwongozaji na Mjomba walianza kazi wakiwa vijana. Mmoja alikuwa na kamera ya kuazima, mwingine alikuwa na shati moja linalofaa kuonekana. Katika filamu yao ya kwanza mwigizaji wetu alikuwa mjomba wa bibi harusi, aliyegoma kuondoka ukumbini hata viti vilipoanza kukunjwa. Jina likamganda. Leo hata watoto wake wa kuwazaa humwita Mjomba, na yeye huitika.

Tangu wakati huo wametengeneza filamu kumi na saba, na utaratibu wao ni uleule. Mjomba hasomi mswada. Kusoma anajua, na gazeti hulimaliza kabla chai haijapoa. Ila husema kwamba maneno yakilala kichwani huamka yamechacha. Kwa hiyo, kabla ya kila tukio, Mwongozaji humvuta pembeni, wakaketi juu ya masanduku ya taa, akamsimulia: wewe ni nani, umetoka wapi, nani amekuudhi. Mjomba husikiliza, husimama, huigiza. Kila alichowahi kupewa na mwenzake amekipokea kwa masikio.

Mafanikio

Matunda ya utaratibu huo yanajulikana. Katika filamu moja Mjomba alitakiwa kumlilia mkewe aliyehama na vyombo vyote vya jikoni. Mwongozaji alimsimulia kwa kirefu habari za sufuria moja tu. Mjomba aliililia ile sufuria, na fundi sauti wetu, ambaye macho yake yalikuwa makavu kwenye msiba wa mama mkwe wake, alilazimika kutoka nje.

Magazeti yameandika kwamba wawili hawa ni roho moja. Sisi tuliosimama karibu tuliona roho mbili: moja husimulia, nyingine huamini. Filamu zilikuwa nzuri kwa sababu hiyo, na tunalisema hilo bila kuuma maneno.

Changamoto

Mheshimiwa, chumba unachokwenda kukifungua kimekuwa kikitumika tangu mwanzo wa mwaka. Kuta zake ni za kijani mpaka darini, na kamera zimepangwa kwa duara. Humo Mjomba ameagizwa acheke, akasirike, ageuke, apige chafya na alie, bila hadithi yoyote. Masanduku ya taa hayajakaliwa na mtu.

Siku aliyotakiwa kulia, Mjomba aliuliza, "Huyu ninayemlilia ni nani?"

"Wewe lia tu, Mjomba," Mwongozaji akamjibu. "Wa kumlilia tutamweka baadaye."

Akalia. Jioni tulizungumza wenyewe kwa wenyewe.

"Labda ni mtindo mpya," alisema fundi taa.

"Mtindo wa nani, shemeji?" alijibu mpambaji wetu, ambaye amempaka Mjomba poda tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Mtu analizwa bila msiba, halafu unaniambia mtindo. Wewe ukiona nyumba inaungua utasema wamebadilisha taa."

Hatukuwa na ushahidi, kwa hiyo tuliendelea na kazi. Kisha likatokea la wiki iliyopita. Mjomba alikuwa ameketi kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha uhariri, kikombe mkononi. Ndani, sauti yake ilikuwa ikimfokea mwanamke fulani. Mlango ukafunguliwa, na kwenye kioo cha kompyuta tukamwona Mjomba, mdogo kwa miaka ishirini kuliko alivyo leo, akisema maneno ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyarekodi.

"Hayo nimeyasema lini?" aliuliza Mjomba.

"Bado hujayasema," akajibu Mwongozaji.

Akacheka. Mjomba naye akacheka. Sisi hatukucheka, maana ndipo tulipoelewa kazi ya vile vilio na chafya. Mashine ikishashiba sura na sauti ya mtu, humtengeneza akitenda lolote, mwenyewe akiwa nyumbani amelala, au akiwa kaburini.

Tulimfuata Mjomba. Tulimuuliza kama anajua anachokwenda kutia saini leo. Alisema, "Ameshanisimulia."

"Amekusimulia nini, Mjomba?"

"Kwamba nitaendelea kuigiza hata nikizeeka. Sasa wanangu, nianze kumkagua leo? Yule amewahi kunifulia shati. Mkewe nitamtazama kwa jicho gani?"

Hatusemi kwamba Mwongozaji ana nia mbaya. Inawezekana anampenda mwenzake kiasi cha kutotaka afikie mwisho. Inawezekana pia amechoka kumsimulia. Kwa mtu anayetia saini, tofauti ya hayo mawili ni ndogo. Wala tusijifanye watakatifu: sura isiyopakwa poda, isiyovishwa wala kumulikwa, haituhitaji sisi. Tuna maslahi, na tumeyataja ili asiyataje mwingine.

Maombi

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Makubaliano haya yasomwe kwa sauti hapa ukumbini, kabla ya saini, neno kwa neno, Mjomba akisikiliza, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kupokea mambo. Msomaji umteue wewe, na asiwe Mwongozaji, kwa sababu akisoma yeye Mjomba ataamini. Mwishoni Mjomba aulizwe: ukikataa kesho, yule wa kwenye kompyuta naye atakataa?

Kama tumemdhania vibaya Mwongozaji, usomaji huo hautazidi urefu wa hotuba yake, nasi tutamwomba radhi mbele ya wageni hawahawa. Kama hatukumdhania vibaya, Mjomba atakuwa amesimuliwa hadithi nzima, na uamuzi utakuwa wake. Hata akitia saini, tutapiga makofi.

Tunakuombea afya njema, safari ya salama na subira ya kusikiliza kurasa ndefu. Usishangae ukikosa kalamu hapo mezani. Anayo mpambaji, katika mkoba wake wa poda, na ataitoa msomaji akishafika mwisho.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Taa, Sauti, Mavazi, Upambaji na Kamera