Sahihi Mbili Kabla ya Saa Kumi

“Mwito wa Mapendekezo ya Watunukiwa wa Nishani ya Uhifadhi na Matembezi ya Nje, Ngazi ya Jimbo: Fomu ya Mpendekezaji (Ijazwe kwa Herufi Kubwa).” Ndivyo ilivyosomeka karatasi iliyolazwa kwenye benchi la kona, nje ya duka la kinyozi, ikabanwa kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Ilitaka sahihi mbili za wapendekezaji, na ifike ofisini kabla ya saa kumi. Sasa ilikuwa saa nane. Mpendekezwa, Mzee Panga, mtunza bustani mstaafu wa hospitali, alikaa mwisho wa benchi amenyoosha goti bovu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza peke yake njia ya kupanda kilima cha nyuma ya mtaa: kalaza magogo penye vijito, kapanda miche palipokatwa miti. Nishani yenyewe hakuwa na shida nayo. Ila njia ya mtunukiwa hupewa mtunzaji wa kuajiriwa, na goti lake lilishatoa notisi ya kuacha kazi.

— Jamani, kalamu hii hapa, alisema.

— Ngoja kwanza, Mzee, alisema Redio, kinyozi ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Wakubwa hawamkumbuki mtu bure. Umefyeka vichaka vyao miaka yote hiyo kwa kibali cha nani?

— Sina kibali.

— Umeona? Mkono huu nishani, mkono huu pingu!

— Usimtishe mzee wa watu, alisema Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama na bado anaongea kama anasoma hukumu. Jambo liko wazi. Njia ikitambuliwa inakuwa barabara. Barabara inataka lami. Lami inataka hoteli kule juu. Nikitia sahihi hapo, kesho naitwa shahidi.

— Hoteli wapi, bwana! alisema Redio. Kule kuna madini. Kwa nini pale chini, njia inapoanzia, pana burashi ya kufutia viatu? Kila mtu anaacha vumbi lake, wao wanazoa, wanachekecha...

— Burashi niliiweka mimi, alisema Panga. Ya kufutia kabla ya kupanda, watu wasiingize mbegu za magugu.

— Ndivyo walivyokwambia, alisema Redio kwa huruma.

Mama Birika, muuza kahawa wa pale benchini, alicheka.

— Nyie mnapiga chenga tu. Someni swali la sita.

Hakuna aliyesoma. Panga alilijua kwa moyo: “Mpendekezaji aeleze ni mara ngapi ameitumia njia husika, na alichokishuhudia.” Tangu kikombe cha kwanza alikuwa ameona macho ya Hakimu yakifika swali la tano, kisha yakirudi la kwanza.

— La sita ni la kitaalamu, alisema Hakimu.

— Mimi miwani nimeiacha nyumbani, alisema Redio, ambaye hajawahi kuvaa miwani.

Hapo akafika dada mmoja mgeni, begi mgongoni, viatu bado vinang'aa. Akanunua kikombe, akanywa amesimama.

— Samahani, kaka zangu. Hii njia ya kilimani, ukifika juu unaona nini?

Redio alimtazama Hakimu. Hakimu alilitazama birika. Panga alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza. Naye alitaka kusikia.

— Unaona... kwa ujumla, alisema Hakimu, unaona sehemu kubwa.

— Ya nini?

Mama Birika aliinamisha birika. Yakatoka matone mawili.

— Kahawa imekwisha, alitangaza.

Panga alishika goti, akainuka.

— Twende, dada, nikakuonyeshe.

Walikuwa wamefika kwenye burashi waliposikia nyayo nyuma yao. Redio alikuwa amefunga duka. Hakimu alikuwa amekunja suruali.

— Ni kwa ajili ya ushahidi tu, alisema Hakimu, akifuta kiatu.

Walifika juu saa kumi na moja kasorobo, baada ya kupumzika mara tisa, saba kati ya hizo kwa ombi la Hakimu. Saa kumi na mbili fomu ilikuwa na sahihi mbili, na jibu la swali la sita lilikuwa limejaa hadi nyuma ya karatasi. Ofisi ilikuwa imefungwa saa kumi, na kesho yake haikuipokea fomu. Jumamosi mti uliangukia njia penye kijito cha pili. Redio na Hakimu waliuondoa, kwa panga la kuazima, bila kibali.